Nguzo za Lothagam: Walioinua Mawe Bila Mfalme Wala Winchi

Ijumaa moja usiku, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa kama ilivyo kawaida yetu kando ya ziwa hapa Jumeirah Lake Towers, chai ya maziwa mkononi, na mbele yetu Mnara wa Almas umewaka taa ghorofa zake zote 68. Kijana mmoja wa kwetu, fundi wa viyoyozi, akatoa simu yake akatuonyesha filamu fupi iliyodai kwamba mawe makubwa ya kale, kama yale ya Stonehenge kule Uingereza, hayangeweza kuinuliwa na binadamu wasiokuwa na mashine. Yaliinuliwa, ilisema filamu ile, na majitu, au na viumbe waliotoka sayari nyingine. Mwenzetu mwingine akaongeza kwamba huenda ni majini. Hapo kijana akauliza: "Na sisi je? Ukiiacha Misri, Waafrika tulijenga nini zama hizo?" Mzee mmoja akajibu huku akicheka: "Sisi, mwanangu, tulikuwa tunachunga ng'ombe." Watu wakacheka, chai ikaendelea.

Ndugu wasomaji, mzaha ule wa mzee ulikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani mwenyewe. Ni kweli tulikuwa tunachunga ng'ombe. Na ni wachunga ng'ombe hao hao waliojenga. Kwa kuwa wakati ule hatukuwa na maelezo ya kutosha ya kumpa kijana, tumeona vyema tumjibu kwa maandishi katika kurasa hizi.

Kaskazini mwa Kenya, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, kuna mahali panapoitwa Lothagam. Ni nchi ya joto, upepo na mawe meusi ya volkeno. Kiasi cha miaka 5,000 iliyopita, yaani karibu na mwaka 3000 K.K., watu wa huko walitengeneza jukwaa la mviringo lenye upana wa mita 30 hivi. Katikati ya jukwaa hilo walichimba shimo kubwa, lenye eneo la karibu mita za mraba 120, wakashuka kupitia mchanga wa ufuo wa zamani mpaka wakafika kwenye mwamba. Humo ndimo walimozika watu wao, kizazi baada ya kizazi, kwa mamia ya miaka. Shimo lilipojaa walilifunika kwa mawe, na juu yake wakasimamisha nguzo za mawe, nyingine zikiwa zimetolewa umbali wa kilomita moja. Pembeni, upande wa mashariki, wakapanga duara za mawe na malundo ya mawe.

Mwaka 2018 kundi la watafiti likiongozwa na Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, pamoja na Elizabeth Sawchuk, Katherine Grillo na wenzao, lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa mahali hapo. Walikadiria kwamba waliozikwa katika shimo lile hawapungui watu 580. Tena Lothagam si pekee. Kuna sehemu nyingine za namna hiyo kulizunguka ziwa, kama Jarigole upande wa mashariki na Kalokol upande wa magharibi. Kazi ya Lothagam ilianza karne kadhaa kabla Farao Khufu hajajengewa piramidi yake kubwa pale Giza. Vitabu tulivyosomeshwa uhandisi ng'ambo katika miaka ya 1990 vilianza na Misri vikaishia Roma. Turkana haikuwamo hata kwa sentensi moja.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: waliwezaje?

Kwanza, nguzo zenyewe hawakuhitaji kuzichonga. Uji wa volkeno unapopoa na kuwa mwamba wa basalti husinyaa, na unaposinyaa hupasuka kwa mistari iliyonyooka. Mwamba wote hugawanyika ukawa nguzo nguzo zenye pande tano au sita, zimesimama bega kwa bega kama mianzi. Anayejua kulisoma jiwe hufuata ufa uliopo, huingiza mti au kipande cha jiwe kama mtaimbo, hutikisa, na nguzo huachia. Kwa hiyo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha kufanywa na moto wa ardhini. Wao walichagua tu, na kuchagua vizuri nako ni uhandisi.

Pili, tupige hesabu ya uzito. Chukua nguzo yenye urefu wa mita moja na nusu na unene wa sentimita 30 kwa 30. Basalti ni nzito, karibu tani tatu kwa kila mita moja ya ujazo. Nguzo yetu basi itakuwa na uzito wa kilo 400 hivi. Ifunge kwa kamba za ngozi kwenye miti miwili mirefu, weka watu 12 mabegani, na kila mmoja atabeba kilo 33. Fundi yeyote wa kwetu hubeba zaidi ya hapo kila anapoinua mfuko wa saruji wa kilo 50. Kwa umbali wa kilomita moja, wakipumzika na kupokezana, hiyo ni kazi ya asubuhi moja kabla jua halijawa kali.

Tatu, nguzo ikiwa kubwa zaidi haibebwi, inaburutwa. Wengi wetu tuliokulia pwani hatuhitaji kuelezwa jambo hili, kwa sababu tumeona jahazi likishuliwa. Chombo cha tani kumi na zaidi kimejengwa juu ya mchanga, hakuna winchi wala trekta. Yanalazwa magogo, yanapakwa mafuta, kamba zinafungwa, mji mzima unashika, mmoja anaongoza wimbo, na kwa kila kiitikio chombo kinasogea shubiri, kisha dhiraa, mpaka maji yakipokee. Neno harambee lenyewe, kabla halijawa wito wa taifa la Kenya, lilikuwa sauti ya watu wa pwani wakivuta mzigo mzito kwa pamoja. Tuseme basi kwamba elimu ya kuhamisha uzito mkubwa bila mashine haikupotea. Imo katika lugha yetu.

Waliojaribu kwa vipimo wameona vivyo hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha London walifunga jiwe la tani moja kwenye sleji ya mbao iliyolazwa juu ya magogo, na watu kumi wakaweza kulivuta. Mwaka 2014 wenzao wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walionyesha kwamba mchanga ukiloweshwa maji kwa kiasi sahihi, nguvu ya kuvuta sleji hupungua karibu nusu, jambo linalolingana na mchoro wa kale wa Misri katika kaburi la Djehutihotep, ambamo mtu amesimama mbele ya sanamu kubwa inayovutwa, anamwaga maji. Sisi tunaoishi Dubai, ambao magari yetu yamekwisha kunasa kwenye machuguu ya mchanga mkavu, tunaelewa haraka: mchanga mkavu hujilundika mbele ya mzigo, lakini ulio na unyevu hushikana na kuwa sakafu.

Nne, kusimamisha. Unachimba shimo lenye ukuta mmoja wa wima na mwingine wa mteremko. Unasukuma kitako cha nguzo mpaka kiteremke shimoni. Kisha unainua kichwa kidogo kidogo kwa wenzo, na kila kikiinuka unatia jiwe au gogo chini yake kisirudi. Nguzo ikifika pembe ya kutosha, kamba zinavutwa upande wa pili, inasimama. Papo hapo unashindilia mawe madogo kuizunguka. Hakuna hatua hata moja inayohitaji jitu wala jini.

Tukadirie na jukwaa. Hapa tunakisia, na msomaji ajue ni makisio yetu: tabaka la mawe la sentimita 30 juu ya eneo la mita za mraba 700 ni kama tani 350. Mtu akibeba kilo 20 kwa mara moja, hiyo ni mizigo 17,500. Watu 100, kila mmoja akibeba mizigo kumi kwa siku, wataimaliza kwa siku 18. Ukiieneza kazi hiyo kwa misimu mingi, ni mzigo mwepesi kabisa.

Kabla hatujaendelea, kuna kisa kimoja cha Kalokol ambacho sisi watu wa vipimo tunakipenda. Mahali pale pana nguzo 19 za basalti, na Waturkana hupaita Namoratunga, watu wa mawe. Husimuliwa kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Mwaka 1978 wanasayansi wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo hizo zimeelekezwa kwenye nyota zinazotumika katika kalenda ya watu wa jamii ya Kikushi kama Waborana. Habari ikavuma dunia nzima. Mwaka 1982 mtaalamu mwingine, Robert Soper, alikwenda kupima upya, akagundua kwamba mawe yale yana usumaku, kwa hiyo vipimo vya dira vya mwanzo vilihitaji kusahihishwa. Jiwe lenyewe lilikuwa limeivuta sindano. Tunakumbusha hili kwa sababu kijana wetu asije akatoka kwenye ndoto ya majitu akaingia kwenye ndoto nyingine. Hatuhitaji kuwapamba babu zetu kwa sifa ambazo hazijathibitika. Zilizothibitika zinatosha.

Na sifa kubwa iliyothibitika wala si ya uzito wa mawe. Mhandisi yeyote aliyesimamia ujenzi atakwambia kwamba jambo gumu si kuinua mzigo. Jambo gumu ni watu: kuwakusanya, kuwalisha, kuwafanya waelewane, na kuwafanya warudi kesho. Misri alikuwapo Farao na makarani wake wa kugawa mikate. Lothagam alikuwapo nani?

Jibu la watafiti ndilo lililotushangaza. Wale walikuwa wafugaji wa mwanzo kabisa katika eneo lile, watu wa kuhamahama na ng'ombe, kondoo na mbuzi wao. Hawakuwa na mji, ghala, wala dalili yoyote ya mfalme. Humo shimoni wamo wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: shanga za mawe ya rangi, vitu vya meno ya kiboko, na kuna aliyezikwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wadogo wa jangwani. Hakuna kona ya wakubwa na kona ya wanyonge. Kwa miaka mingi wataalamu walishika kanuni kwamba jengo kubwa ni ushahidi wa tabaka la watawala. Kanuni hiyo ilikwisha kutikiswa na Göbekli Tepe kule Uturuki, ambako Klaus Schmidt alianza kufukua mwaka 1995 na kukuta nguzo za zaidi ya mita tano zilizosimamishwa na wawindaji karibu mwaka 9500 K.K. Lothagam nayo ikaongeza ushahidi wake kutoka kwetu.

Kwa nini basi walijisumbua? Tazama wakati wenyewe. Mvua za Afrika Mashariki na za Sahara zilikuwa zinapungua. Ziwa Turkana lilikuwa linarudi nyuma, maji yakishuka kwa makumi ya mita, na ufuo uliojulikana na babu ukawa uwanda mkavu kwa mjukuu. Malisho yalikuwa yanahama, watu nao wanahama, wakikutana na wageni waliosogezwa na ukame ule ule. Katika hali hiyo mtu hajui mwakani atakuwa wapi wala jirani yake atakuwa nani. Watafiti wanaona kwamba mahali kama Lothagam palikuwa kituo: hata mkitawanyika na mifugo yenu, mnajua mtarudi wapi kuzika, na mkirudi kuzika mnaonana, mnapashana habari za maji, mnaoana, mnasuluhishana. Jengo lilikuwa la wafu, lakini faida yake ilikuwa ya walio hai.

Msiwaze kwamba habari hii ni ya mbali na hapa tulipo. Katika zama zile zile, karibu mwaka 3000 K.K., watu wa huku Ghuba walikuwa nao wanapanga mawe juu ya wafu wao. Kwenye miteremko ya Jebel Hafeet, karibu na Al Ain, na kuendelea mpaka ndani ya Oman, yapo makaburi yenye umbo la mzinga wa nyuki, yaliyojengwa kwa mawe yasiyochongwa na bila chokaa. Kila mstari wa mawe umesogezwa ndani kidogo kuliko ulio chini yake mpaka juu pakafungika. Karne kadhaa baadaye, katika enzi inayoitwa Umm an-Nar, kwa jina la kisiwa cha Abu Dhabi ambako Wadenmaki walianza kufukua mwaka 1959, makaburi yakawa makubwa ya mviringo yenye mawe yaliyochongwa, na ndani wakazikwa watu wengi pamoja, pengine mamia. Lile kubwa la Hili, pale Al Ain, lina upana wa mita 12, na mlangoni pamechongwa watu na choroa. Oman makaburi ya Bat, Al-Khutm na Al-Ayn yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1988, na yale ya Al Ain mwaka 2011.

Tena liko la karibu zaidi. Pale Al Sufouh, dakika chache kwa gari kutoka kwenye minara yetu hii, wanaakiolojia walifukua katika miaka ya 1990 kaburi la mviringo la enzi hiyo ya Umm an-Nar. Wengi wetu tumelipita maelfu ya mara tukienda kazini bila kujua kwamba kabla ya Barabara ya Sheikh Zayed, walikuwapo watu waliozikana hapa kwa pamoja zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Hatusemi kwamba watu wa Turkana na watu wa Hafeet walijuana. Tunasema tu kwamba nchi ilipokauka pande zote mbili, wote wawili walikusanya mawe, na wote wawili walianzia kwa wafu.

Sasa mtuwie radhi tuseme lililotufanya tuandike. Wengi wenu mnakumbuka mwenzetu aliyefia katika chumba cha kupanga, mtu wa Tanga, ambaye hakuwa mwanachama wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Zilihitajika fedha za vibali, za sanduku na za ndege. Ulipotumwa ujumbe wa mchango, baadhi yetu tulijibu: "Simjui." Wengine: "Hakuwa akichangia." Siku zikapita kumi na moja, mama yake akipiga simu kila usiku kuuliza mwanawe atafika lini. Hatimaye fedha zilipatikana na akazikwa kwao. Lakini zile siku kumi na moja ni zetu sote, na sisi tunaoandika tumo miongoni mwa waliojibu kwa kuchelewa.

Tunaishi kwenye minara iliyoinuliwa na winchi kubwa kuliko alivyoweza kuota mtu yeyote wa Lothagam. Ziwa letu ni la kuchimbwa, halirudi nyuma. Lakini hali yetu ni ile ile ya wale wafugaji: tumefuata malisho, mkataba ukiisha tunahama, na jirani wa ghorofa ya juu hatujui jina lake. Wao, katika hali hiyo, walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba atakayekufa atazikwa, awe mtoto au mzee, na kwamba kila mmoja ataleta jiwe. Dini zetu zimetufundisha kuzika kwa namna nyingine, bila shanga wala nguzo, na hatusemi tuwaige katika hilo. Tunasema kwamba kilo 400 ziligawanywa kwa watu 12 zikabebeka, na gharama za maiti mmoja zikigawanywa kwa watu mia tatu hazimwangushi mtu.

Kijana wetu wa viyoyozi, jibu lako ndilo hilo. Walijenga wachunga ng'ombe, kwa kamba, magogo, wimbo na makubaliano. Mambo matatu ya mwanzo hata leo ni rahisi kupatikana.

Daftari la chama cha kuzikana liko kwa mtunza hazina, na mchango wa mwezi ni ule ule. Majira ya baridi, jua likipoa, tunakusudia kwenda Hili pamoja na watoto wetu kuliona kaburi lile, na kurudi kwa kupitia Jebel Hafeet. Wenye nafasi kwenye magari wamjulishe katibu. Wasio na magari wajiandikishe mapema. Mzee aliyetuchekesha ameahidi kuja, na ameomba kiti cha mbele.